Kwa Kamati ya Uso Wangu

Ignatius Mulongo Osiako,
Kaunta ya Rangi na Misumari,
Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Kakamega Mjini.

Alhamisi, tarehe 18 Septemba.

Mwenyekiti,
Kamati ya Muda ya Uso wa Ignatius,
Nyumbani kwetu, Musanda.

Kupitia kwa Katibu, shangazi yangu Senje Naliaka, ambaye najua ataifungua kwanza hata kama isingepitia kwake.

Kwako Baba Mkubwa Cornelius Osundwa, Mwenyekiti wangu na kaka wa marehemu baba yangu,

KUH: KUCHELEWESHWA KWA MATIBABU YA MAKOVU YA CHUNUSI, NA MGAO USIO WA HAKI WA MAKOVU HAYO

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na miwa na ng'ombe. Mimi pia ni mzima, tukiacha uso, ambao hali yake kamati yako inaijua kuliko mimi mwenyewe, kwa kuwa nyinyi mmeukalia mikutano minne na mimi nimealikwa mmoja.

Naandika kwa sababu Senje aliniambia mambo ya kamati hayasemwi kwa simu, yaandikwe. Na kwa kuwa yeye huhifadhi karatasi za kamati chini ya godoro, na nyingine huwashia moto, itabidi nieleze kila kitu upya tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, ili nyingine zikiungua hii iweze kujieleza yenyewe. Nivumilie, Baba Mkubwa.

Mimi na Dismas ni pacha. Yeye alitoka kwanza, ndiyo maana ni Mukhwana. Mimi nilifuata baada ya robo saa, ndiyo maana ni Mulongo. Tuna miaka ishirini na saba. Pua ni ile ile, masikio ni yale yale, hata kutembea tunatembea kwa kurusha mguu wa kushoto. Tofauti ni kwamba uso wa Dismas ni laini na ndio unaomlisha, kwa kuwa ni mshereheshaji wa harusi na kila Jumamosi husimama mbele za watu na kipaza sauti. Uso wangu una makovu ya chunusi hamsini na saba. Idadi hiyo si ya kubahatisha. Aliyeyahesabu ni Ayuma, mchumba wangu, mchana kweupe, kwa ncha ya kalamu, mashavu yote mawili, akarudia upya kwa kuwa mara ya kwanza nilicheka akapoteza hesabu.

Ayuma anauza katika duka la dawa karibu na soko. Tulijuana nilipokwenda kununua krimu ya kuondoa madoa, ile yenye picha ya mwanamke mweupe pe kwenye boksi. Alinitazama, akairudisha kwenye rafu, akaniambia, "Hii inachubuanga tu ngozi, haijazi shimo. Utabaki na mashimo yako, halafu uwe na rangi mbili. Enda uone daktari wa ngozi." Sikuwahi kumwona muuzaji anayemfukuza mteja. Nilirudi kesho yake kununua dawa ya kichwa, kesho kutwa plasta, na siku iliyofuata sabuni. Baada ya miezi mitatu sikuwa na ugonjwa uliobaki, ikabidi nimwambie ukweli.

Harusi yetu ni Desemba. Ninachotaka ni kusimama kanisani mbele ya padri na mpiga picha bila kuinamisha uso. Sina ombi lingine kubwa katika maisha yangu kwa sasa. Baada ya kusema hayo, naingia kwenye malalamiko.

1. Kwamba kamati iliundwa juu ya uso wangu bila uso wenyewe kuarifiwa.

Mwezi wa sita nilikwenda kwa daktari wa ngozi, yule mama anayekuja mjini Alhamisi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi. Nilimwambia Dismas peke yake. Dismas akamwambia Senje. Kufikia Jumapili kulikuwa na kamati ya watu saba, yenye mwenyekiti, katibu, mwombezi, mwakilishi wa vijana na mweka hazina, ingawa uso hauna hazina yoyote.

Katika mkutano ule mmoja nilioalikwa, nilisimamishwa dirishani penye mwanga, nikageuzwa kushoto na kulia, na mjumbe mmoja akaniomba nitabasamu ili aone kama mashimo yanajifunga. Mzee Were, jirani yetu, alipendekeza molasi. Hoja yake ilikuwa kwamba ikimwagwa barabarani inatulizanga vumbi na gari inapita vizuri. Mama Khalayi, ambaye ni mwombezi, aliomba kwanza, kisha akapendekeza mafuta ya mzeituni yapakwe kwa siku arobaini. Binamu yetu Michelle, mwakilishi wa vijana, alipendekeza mionzi ya leza, akatuonyesha video ya msichana wa ng'ambo ambaye, nilivyomwona mimi, hakuwa na kovu hata kabla ya kuanza.

Kura zikapigwa. Molasi ilipata tatu, leza mbili, mafuta moja, na kura moja ikaharibika. Uso haukupewa karatasi ya kura.

2. Kwamba maoni ya daktari yalisomwa, yakapongezwa, yakawekwa kando.

Mimi nilimwelewa daktari upesi kwa sababu kazi yake na yangu zinakaribiana. Aliniambia makovu si kitu kimoja. Kuna membamba yanayozama chini kama tundu la msumari wa inchi nne. Kuna mapana yenye kingo. Na kuna yale ya mawimbi, kama ukuta uliopigwa lipu na fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine. Mimi nina yote matatu.

Kisha akanipitisha kwenye dawa zake. Kuchubua kwa asidi ni msasa: kunafaa doa la juu juu, lakini tundu la msumari hakulifikii. Leza inachoma, na kwa ngozi nyeusi kama yetu, asiyekuwa mwangalifu anaweza kuacha weusi mpya palipokuwa na kovu la zamani. Kujaza kwa sindano ni kama ile simenti nyeupe tunayouza ya kuzibia nyufa, huonekana vizuri kwa muda halafu hunywea. Mwisho kuna kifaa kama kalamu chenye sindano nyembamba nyingi. Kinatoboa ngozi vitundu vidogo ili ngozi yenyewe ishtuke na kuanza kujijenga kutoka chini. Hicho ndicho alichonichagulia, mara nne au zaidi, kwa nafasi ya mwezi mmoja hivi, pamoja na kofia juani na mafuta ya kukinga jua.

Aliniambia wazi kwamba makovu hayataisha. Yatapungua, huenda nusu. Nilimpenda kwa hilo. Mteja akiniuliza kama rangi itaficha ufa, mimi pia humwambia ukweli, ndiyo maana sijapandishwa cheo.

Nilileta maelezo hayo kwenu kwa kurasa mbili, nimeyachapa. Muhtasari wa mkutano, kwa mkono wa Senje, unasema: "Maoni ya daktari yalisomwa na kupongezwa." Mstari unaofuata unasema: "Kamati ilirudi kwenye molasi." Wakati huo ilikuwa Julai. Ningeanza Julai, leo ningekuwa nimekwisha kutobolewa mara tatu na nimepona. Sasa hadi Desemba imebaki nafasi ya mara tatu tu, na hiyo ni kama nitaanza Alhamisi ya tarehe 2 Oktoba bila kukosa.

3. Kwamba sheria ya pacha imetumiwa kunifunga mimi peke yangu.

Nakiri kwamba wewe ndiye uliyeiangusha molasi, na nakushukuru. Lakini palepale ukasimama ukatoa uamuzi ambao Senje ameupigia mstari: "Pacha hatibiwangi peke yake. Chenye mmoja anafanyiwa, mwingine pia anafanyiwa. Ignatius akidungwa, Dismas adungwe. Dismas akikataa, hakuna kudungwa."

Baba Mkubwa, wewe ulisimamia mizani ya miwa kwa miaka thelathini, na mtu wa mizani hawezi kuona upande mmoja umelala akanyamaza. Nalielewa hilo. Na sheria yenyewe siipingi, maana nimelelewa ndani yake. Tulipokuwa na miaka sita mimi ndiye niliyepata malaria, lakini dawa ile chungu tulikunywa sote. Dismas alipovunjika mkono kwa kuanguka kwenye trela ya miwa, mimi nilifungwa leso shingoni wiki tano, na mwalimu akanisamehe kuandika. Hiyo nilifurahia. Ila Dismas aliporudia darasa la sita, nilirudishwa naye, ingawa nilikuwa nambari tatu. Hiyo sikuifurahia, na sikusema kitu.

Sasa Dismas ameulizwa kama atakubali kudungwa ili nami nidungwe. Jibu lake liko kwenye muhtasari: "Mimi uso yangu haina makosa, na niko na harusi Mautuma. Wacha nikae tu vile niko." Kamati ikapiga makofi kwa kuwa alilisema kwa sauti yake ya kazini. Mkutano ukafungwa kwa sala. Mimi nikabaki na hamsini na saba zangu.

Ndugu yangu nampenda, na hili naliandika likiniuma: ni mtu wa kukimbia. Amekuwa hivyo tangu utotoni. Kwa hilo naomba nisogee kwenye lalamiko linalofuata, ambalo ndilo mzizi wa mengine yote.

4. Kwamba sheria ya pacha ilivunjwa zamani, nyuma ya jikoni, na hakuna aliyeita kamati.

Chunusi zilitujia sote wawili tukiwa na miaka kumi na sita, wiki moja, na kwa haki kabisa. Hata wewe mwenye mizani usingepata kosa. Kilichofuata ndicho kilichotutenganisha. Senje, kwa upendo wake, aliamua kuzibinya. Kila Jumapili baada ya Misa aliweka kigoda nyuma ya jikoni, akashika leso safi, akapasha kucha zake kwa maji moto, akatuita.

Dismas alikimbilia ndani ya miwa. Senje alimwita mara tatu kwa ajili ya usawa, mara ya tatu kwa jina lake lote, kisha akasema basi, akanigeukia mimi. Mimi nilikaa kwa sababu niliambiwa nikae. Nilikaa kwenye kigoda kile kila Jumapili kwa miaka miwili, na Dismas alikuwa anarudi jioni na majani ya miwa kwenye nywele, uso mzima, anaulizia chakula.

Daktari aliponitazama aliniuliza ni nani aliyekuwa akizibinya. Nilisema ni mtu wa familia. Alishusha pumzi akaandika kitu kirefu. Akanieleza kwamba chunusi nyingi zingepita zenyewe, ila kubinya ndiko kulikochimba.

Kwa hivyo nauliza kwa heshima: siku zile mizani ilikuwa wapi? Kwa nini hakuna aliyesimama akasema pacha habinywangi peke yake? Shuleni nilipewa jina la Kokoto, na hata mwalimu wa zamu aliniita hivyo siku moja mstarini, kwa bahati mbaya, akaniomba msamaha mbele ya wote, jambo lililolikaza jina zaidi. Tangu wakati huo kwenye picha zote za familia nimesimama nyuma, au nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Ziangalie. Hata siku ya kumzika baba nimeinama nafunga kiatu, na siku hiyo nilivaa viatu visivyo na kamba.

5. Kwamba firigisi yangu ililiwa na mtu mwingine.

Hili lilitokea Aprili, na kamati imelikwepa mara mbili kwa kisingizio cha mvua. Tulikuwa tunakwenda kwa Mzee Shivachi, baba yake Ayuma, kule upande wa Mukumu, ili nitambulishwe. Wakwe waliomba picha ya kijana mapema. Senje akatuma ya Dismas. Alipoulizwa alisema, "Si hawa ni sura moja tu? Nimechagua yenye ilitokea vizuri."

Tulipofika, Mzee Shivachi alimshika Dismas mkono, akamketisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufumwa. Ingokho, yaani kuku wa wageni, ikaletwa, ikawekwa mbele ya Dismas. Firigisi ya mkwe, ambayo mwanamume huingoja tangu anyoe ndevu za kwanza, ilielea juu ya mchuzi mbele ya Dismas. Na Dismas, ambaye alijua, akaila. Baadaye alinieleza kwamba angeikataa angemwaibisha mzee. Mimi nilipewa mgongo wa kuku, na shemeji mmoja akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye dereva. Hatukuwa na gari.

Ayuma alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameziba mdomo kwa kanga. Sikujua kama anacheka au analia, na nilipomuuliza alisema ni vyote viwili. Ndiye aliyekwenda kumnong'oneza baba yake. Mzee akanitazama mimi, akatazama simu, akanitazama tena, akasema, "Kumbe ni huyu."

Hakuongeza neno baya, na tangu siku hiyo amenikarimu vizuri. Lakini sijui, Baba Mkubwa, kama wewe umewahi kuwa "kumbe" machoni pa mkweo. Mimi nimekuwa kumbe tangu Aprili. Nafika mlangoni kwake najiona nikiwa kumbe, nakaa najiona kumbe, na ugali wa watu sijaula ukashuka vizuri. Ayuma anasema baba yake alishasahau, na kwamba yeye alinipenda kwa uso huu huu uliokuja dukani kwao kununua krimu ya bure. Namwamini. Ila yeye halali na uso huu kutoka upande wa ndani.

Kwa sababu hizo tano, naomba kamati ikae, na safari hii ichague moja kati ya haya manne:

(a) Nitibiwe peke yangu tarehe 2 Oktoba, na sheria ya pacha ipumzishwe kwa siku moja, kama ilivyopumzishwa nyuma ya jikoni kwa miaka miwili.

(b) Kama haiwezi kupumzishwa, basi ifuatwe. SHERIA YA PACHA ITEKELEZWE BILA KUBAGUA. AKIFANYIWA MMOJA, MWINGINE AFANYIWE, APENDE ASIPENDE, AWE NA HARUSI AU ASIWE NAYO, NA WOGA WA SINDANO USIKUBALIWE KUWA SABABU. Dismas aletwe kwa daktari, akishikwa na watu wawili wenye mbio.

(c) Kama (b) ni kali, basi tugawane makovu. Hamsini na saba kwa wawili ni ishirini na manane kila mmoja, na linabaki moja. Senje bado ana kucha, na Jumapili bado zipo. Dismas akalie kigoda hadi atimize ishirini na manane yake, nawe usimamie hesabu kama ulivyosimamia matrela. Lile moja lililobaki halina mwenyewe, na nimefikiria sana, nikaona lipewe Katibu.

(d) Kama kamati inaona yote hayo ni mengi, na inashikilia kwamba sisi ni sura moja tu, basi Desemba Dismas asimame kwenye picha za harusi, nami nisimame nyuma ya mpiga picha nikimshikia taa. Nitakubali. Ila watoto wetu wakija kuuliza huyo aliye ukutani na mama ni nani, Senje ndiye atakayepanda gari aje awajibu. Ayuma ameipinga (d) kabla sijamaliza kuiandika.

Kwangu mimi (b) ndiyo bora, kwa kuwa inalinda mila na inanipa matibabu. Siitarajii, lakini. Namjua ndugu yangu. Mara ya mwisho kumwona amesubiri kitu kinachouma ilikuwa tumboni kwa mama, na hata hapo alitoka kwanza.

Nifikishie salamu kwa Mama, umwambie nimepata ule unga wa mtama. Msalimie Mzee Were na molasi yake, Mama Khalayi na mafuta yake, Michelle na simu yake, na mweka hazina wetu aliye huru na mashaka. Msalimie ng'ombe mwenye pembe moja. Na salamu kwa Senje, ambaye bila shaka amefika hapa akisoma kwa midomo. Senje, sikuchukii wewe wala kucha zako. Ulikuwa unapasha maji kwanza, hilo nalikumbuka.

Anayesubiri jibu la maandishi, na ambaye safari hii hatainama kufunga kiatu,

Ignatius Mulongo Osiako,
Pacha wa Pili.

Tanbihi: Bahasha ilikuwa bado wazi Dismas alipoingia dukani. Amevaa kofia yangu, ameishusha hadi kwenye nyusi. Mama anayetuletea chai alimpa kikombe changu akamwambia, "Ignatius, leo uso umeamka vibaya." Miaka ishirini na saba, Baba Mkubwa, watu wametuchanganya kwa majina na kwa kutembea, na hakuna aliyewahi kuuona uso wake akadhani ni wangu.

Mashavu yake yamevimba, yameiva, na yamejaa vitone vidogo vya damu iliyokauka. Ametoka kwa daktari. Alijiandikisha kwa jina lake mwenyewe. Daktari alimwambia ngozi yake haina shida, kuna vidoa vinne tu vya zamani chini ya taya, naye akamjibu kwamba ni mambo ya nyumbani, ni marefu, aandike tu. Akapakwa dawa ya ganzi akaambiwa asubiri nusu saa ishike. Hakusubiri. Alimwambia daktari kwamba akisubiri atakimbia.

Nilimuuliza harusi ya Mautuma ya keshokutwa itakuwaje. Amewaambia watafute mtu mwingine. Kisha akasema, akiwa anaangalia rafu ya misumari, "Zile siku za Senje nilitoroka. Leo nimekaa."

Nilimvutia mfuko wa saruji aketi, nikamletea maji, na nimemtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kujitazama kwenye kioo.

Sasa naona shida. Mmoja amefanyiwa. Kwa sheria yako, na kwa herufi kubwa zangu mwenyewe hapo juu, zamu ni yangu, na tarehe 2 Oktoba ni wiki mbili tu. Nimeviona vile vitundu kwa karibu. Vile alivyonieleza mlio wa kile kifaa sivyo daktari alivyonieleza. Nimejihesabu upya kwa kioo cha duka nikapata hamsini na tano, na mawili kati ya hayo huenda ni vumbi. Ayuma, kama nilivyosema, halalamiki. Kwa hivyo naomba kamati isimame imara kwenye uamuzi wake wa kunikatalia, na ikiona vema irudi kwenye molasi.

Dismas amesoma yote haya begani kwangu. Aliishusha kofia zaidi kwenye firigisi, akacheka kwenye mgao wa makovu, akasema ishirini na manane yake ameshaanza kuyalipia. Mkono wake mmoja umeshika mshipi wa suruali yangu kwa nyuma, na anasema hatauachia hadi tarehe 2. Hata mteja aliyetaka rangi ya kijani tumemhudumia tukiwa wawili.

Basi ipuuzeni barua hii yote, isipokuwa salamu, na isipokuwa ombi (b), ambalo amelipigia mstari kwa kalamu yangu.